Chaja ya gari la umeme nyumbani: ipi inunuliwe kwanza

Gari halijatoka bandarini, mwenye nalo ameshaanza kuulizia chaja, na muuzaji anamwonyesha kisanduku kikubwa kuliko vyote dukani. Usitoe hela bado. Kile kisanduku cha ukutani, kwa hakika, si chaja, ingawa ndivyo tulivyozoea kukiita. Chaja yenyewe imo ndani ya gari, na ndiyo inayougeuza umeme wa nyumbani uweze kuingia kwenye betri. Kisanduku kinaliambia gari livute ampea ngapi, kisha kinakata umeme kukitokea hitilafu. Nissan Leaf nyingi za zamani kutoka Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3 hivi. Zifungie kisanduku cha kilowati 22, bado zitavuta hizo hizo 3.

Kwa hiyo pesa ianzie kwenye waya na ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja), kisanduku kifuate. Nimezipanga chaja kwa msingi huo, kuanzia ya kununua kwanza.

Nafasi ya kwanza: chaja ya kubeba ya ampea 16, yenye laini yake. Fundi avute laini mpya moja kwa moja kutoka meinswichi: waya wa milimita 4 za mraba (6 kama gereji iko mbali), breka yake ya ampea 20, na breka inayokata umeme unaovuja. Mwishoni afunge soketi ya bluu ya viwandani, ile ya duara yenye mfuniko. Hapo unapata kilowati 3.7, yaani Leaf ya zamani inashiba kadiri inavyoweza kula. Ukihama nyumba, chaja unaondoka nayo. Kwa mpangaji sioni kinachoishinda.

Mwambie fundi apime ethi kwa kifaa, usikubali ya kukisia kwa macho. Nyumba nyingi zina fimbo ya ethi iliyokaa ardhini miaka mingi, waya wake umeliwa na kutu, na hakuna aliyejua kwa sababu friji na televisheni haziulizi. Chaja ya gari inauliza: nyingi hupima ethi kwanza, zikiikosa zinawasha taa nyekundu na kugoma. Watu hudhani chaja ni mbovu, wakairudisha dukani.

Ya pili: kisanduku cha ukutani cha kilowati 7. Hiki ni ampea 32, kwa waya wa milimita 6 au 10 kulingana na umbali. Kinafaa kama gari lako linaweza kupokea kiasi hicho, unatembea kilomita nyingi kila siku, na nyumba ni yako. Chagua chenye uwezo wa kupunguza ampea, ili pasi, jiko na kiyoyozi vikiwaka pamoja meinswichi isianguke.

Ya tatu: chaja ya plagi ya pini tatu. Usiidharau. Ikiwekwa ampea 10 inatoa kilowati 2.3. Ukichomeka saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, baada ya upotevu unabaki na yuniti kama 18. Kila yuniti moja huipeleka Leaf kilomita 6 hivi kwa mwendo wa mjini, kwa hiyo umepata zaidi ya kilomita 100. Jijini Dar es Salaam, anayetoka Tegeta kwenda Posta na kurudi hahitaji hata hizo. Masharti ni mawili: soketi iwe nzima na imara, na usitumie ekstensheni kabisa. Baada ya nusu saa ya kwanza gusa plagi. Joto kidogo ni kawaida, lakini ikichoma kiganja, zima.

Sola naiweka ya nne, kama nyongeza. Mchana wenye jua kali gari huwa kazini, na chaja hizi hazishuki chini ya ampea 6, kama kilowati 1.4. Wingu likipita na huna betri wala umeme wa gridi wa kujazia, kuchaji kunakatika.

Kilowati 22 za fezi tatu, kwa nyumba ya kawaida, ziache.

Kitu kimoja nakiondoa kwenye orodha kabisa: ile kebo ya Japani inayokuja na gari, ikikatwa plagi na kufungwa ya pini tatu. Imeundwa kwa volti 200 na huvuta hadi ampea 15. Plagi yetu ina fyuzi ya 13. Inavumilia usiku kadhaa, kisha plastiki kuzunguka pini inageuka kahawia na kulainika, na hapo moto uko karibu. Watoto wamelala chumba cha pili. Tafadhali, usiikubali hata fundi akikuhakikishia.

Kuhusu tundu la kuchajia kwenye gari: magari ya Japani yana Taipu 1 yenye pini tano, ya Ulaya Taipu 2 yenye saba, na yaliyotengenezwa kwa soko la China yana GB/T, ambayo kwa umbo inafanana sana na Taipu 2 lakini haziingiliani. Fungua kifuniko, piga picha, mtumie muuzaji kabla ya kulipa.

Na bili: kwa Tanzania, aliye kwenye D1, kundi la bei nafuu la wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, atatoka humo, kwa sababu gari likila tuseme yuniti 6 kwa siku ni 180 kwa mwezi. Atalipa bei ya T1, kundi la matumizi ya kawaida, takriban shilingi 356 kwa yuniti pamoja na kodi na tozo. Kenya waliweka bei maalumu ya magari ya umeme mwaka 2023, wakati huo shilingi 16 za Kenya kwa yuniti na 8 saa zisizo na msongamano, kabla ya kodi na tozo. Aliyeko huko aulizie masharti ya kujiunga kabla hajamwita fundi, maana huenda yakadai mita ya peke yake, na hapo ile laini mpya itaanzia kwenye mita hiyo.