Seneta wa Marekani: kufuata chama au kusimama kivyake?
Kwenye mchujo wa chama, yaani kura ya kumpata mgombea wake, seneta mtiifu ana nafuu, kwa kuwa wanaojitokeza kupiga kura wengi ni makada. Uchaguzi mkuu ni habari nyingine. Mwaka 2018 Brett Kavanaugh, aliyeteuliwa na Rais Trump wa Republican, aliidhinishwa na Seneti kuwa jaji wa Mahakama ya Juu kwa kura 50 dhidi ya 48. Joe Manchin, Mdemokrati pekee aliyemkubali, alitetea kiti West Virginia, jimbo linalompendelea Trump. Mdemokrati mwenzake Heidi Heitkamp alimkataa, akaangushwa North Dakota, ingawa alishaachwa nyuma kabla ya hapo.

Kanuni za mchujo zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Alaska sasa huchuja wagombea wa vyama vyote pamoja, na wanne wenye kura nyingi zaidi husonga mbele hadi uchaguzi mkuu. Lisa Murkowski, Mrepublican aliyempinga Kavanaugh, alishinda 2022 chini ya kanuni hiyo. Kwenye jimbo lenye mchujo wa wanachama pekee, utiifu ni salama zaidi.