Mzinga wa sumaku wa mtoto: kabla hujatazama taa, tazama risasi

Desemba iliyopita nilinunua mzinga. Nilipomwambia baba watoto kwenye simu, akadhani nazungumzia chupa ya Konyagi. Mama mkwe, yeye yuko Kibosho, akauliza nyuki tutawaweka wapi. Nilikuwa nazungumzia mzinga wa sumaku, ile silaha ya karne ijayo inayorusha chuma kwa umeme bila baruti. Kijana wangu wa miaka tisa aliuona kwenye gemu la simu ya binamu yake, na tangu Septemba wimbo ukawa huo huo asubuhi na jioni.

Nikaukuta Arusha mjini, duka moja si mbali na Mnara wa Saa. Boksi kubwa, radi imechorwa upande hadi upande. Muuzaji akataja 65,000, tukavutana hadi 58,000, nikatoka najiona mjanja.

Ndani kulikuwa na mzinga wa plastiki wenye taa za buluu, na risasi sita za sponji. Sita! Jumamosi asubuhi vita vikaanza hapa Sakina. Moja ikatua juu ya bati la jirani, moja ikazama mtaroni, mbili akatafuna mbwa. Jumapili tunarudi kanisani tumebaki na risasi mbili, na moja kati ya hizo haina kichwa. Jumatatu nikazunguka mji kutafuta nyingine. Risasi za sponji zipo tele, ila za mzinga wetu ni nene kuliko za kila mtu kwa milimita mbili hivi. Za kawaida zikiingia mtutuni zinadondoka zenyewe upande wa pili. Nikarudi dukani. "Dada, sisi tunauza boksi, risasi hatuuzi."

Basi mwongozo huu wote umezaliwa pale. Watu wananiuliza unafika mita ngapi, una sauti, taa ngapi. Mimi hayo siulizi tena. Naulizia risasi: ukubwa gani, na nikiipoteza kesho nitaipata wapi?

Na hiyo "sumaku" iliyoandikwa kwenye boksi isikupande kichwani. Nilimpelekea fundi wangu wa redio akaufungua. Mna mota mbili ndogo zinazozungusha vigurudumu viwili, risasi inabanwa katikati na kutupwa mbele. Sumaku iliyomo ni ile ya ndani ya mota, kama ya kifeni cha betri. Mzinga wenyewe wa kweli ni reli mbili, umeme mkubwa mno unapita kutoka reli moja kwenda nyingine kupitia kipande cha chuma kilicho katikati, na nguvu ya usumaku inakisukuma kitoke. Jeshi la Majini la Marekani lilifyatua wa namna hiyo huko Dahlgren, Virginia, Desemba 2010, kwa nishati ya megajuli 33. Mwaka 2021 wakauweka pembeni, na moja ya shida zao kubwa ilikuwa mtutu kulika upesi. Wajapani wao walijaribu wa kwao kutoka melini mwaka 2023. Hakuna hata mmoja anayetumia betri za rimoti.

Ninayempenda katika habari hizi ni Mnorwe mmoja, Kristian Birkeland. Alipata hataza ya mzinga wa umeme mwaka 1901, na 1903 akaalika watu waje kuuona ukifanya kazi. Ukapiga shoti mbele yao, mwanga na kishindo. Aibu, lakini ule moto wa umeme ukamsaidia yeye na mwenzake Sam Eyde kutengeneza mbolea kwa naitrojeni ya hewani, na mwaka 1905 ikaanzishwa Norsk Hydro. Upande wake wa mbolea ndio leo unaitwa Yara. Kwa hiyo ukimwona mzee wa Machame kabeba mfuko wa Yara kupeleka kwenye kahawa, ujue kabeba mjukuu wa mzinga uliofeli. Wangu umefeli na haujazaa hata kiberiti.

Haya, tununue nini.

Namba moja kwangu ni Nerf ya mtumba, zile bunduki za midoli za risasi za sponji, na siombi radhi. Tena ile ya kukoki kwa mkono, isiyo na betri: Strongarm, Disruptor, au Jolt kwa mwenye mfuko mdogo. Zinatumia risasi za Elite, zenye urefu wa sentimita 7 hivi na unene usiozidi sana sentimita 1.2, zilizotoka mwaka 2012, na huo ndio ukubwa ulioigwa na viwanda vingi. Ndiyo maana pakiti za risasi zisizo na jina, mia kwa mkupuo, zinaingia. Soko la Kilombero hapa Arusha na la Memorial kule Moshi, belo la midoli likifunguliwa uwepo asubuhi. Mimi nilipata Strongarm kwa 15,000, haina risasi hata moja, na sikujali. Vuta koki mara kumi, sikiliza springi. Ikikwama mara moja, iache.

Ila usinunue jina tu. Nerf wana koo zao. Mega ni risasi nyekundu nene, Rival ni vimpira vya njano, na Ultra ya mwaka 2019 inataka risasi za Ultra peke yake. Ukiokota Ultra kwenye mtumba bila risasi, umenunua pambo la ukutani. Kwenye mkoba wangu siku hizi inakaa risasi moja ya Elite pamoja na funguo za nyumba. Naisukumiza mtutuni mbele ya muuzaji: iingie kwa kubana kidogo, na ukiinamisha isidondoke. Wengine wananishangaa, mama mzima.

Namba mbili ni Stryfe, bado Nerf, kama mtoto hataki kabisa kukoki. Inakula betri nne ndogo za AA, zile za rimoti, ambazo Mangi yeyote anazo. Dada yake mkubwa, Rapidstrike, anafyatua mfululizo na watoto wanamlilia, lakini anataka betri nne za ukubwa wa kati. Hizo nilizitafuta Moshi Double Road yote nikachoka.

Tatu, X-Shot mpya ya boksi, hii si Nerf, ni jina jingine. Risasi zake zina ukubwa ule ule wa Elite, kwa hiyo sina ugomvi nayo.

Za jeli, zile punje zinazolowekwa zikavimba, kwangu haziingii. Nina mtoto anayetambaa, na punje kavu ikimezwa inaweza kuendelea kuvimbia tumboni. Na za 10,000 za barabarani zenye vishale vya kunata kioo, ni za siku moja, tusonge mbele.

Sasa wauzaji. Kwa nini boksi la midoli haliruhusiwi kufunguliwa? Kiatu unajaribu, simu unawashiwa, hata godoro unalikalia. Mdoli wa 58,000 unaambiwa "ukifungua umenunua", na juu ya risiti pameandikwa mali ikitoka hairudi. Halafu ile bei. Novemba niliona Stryfe Memorial kwa 25,000. Msomaji wangu wa Majengo alienda kuiulizia wiki ya Krismasi, ndugu zetu wameshapanda nyumbani na magari yao ya Dar, akaambiwa 45,000. Alipouliza kwa nini, kijana akamjibu, "Mama, huoni foleni?" Nunueni Oktoba, mfiche kabatini.

Mzinga wangu wa radi nao uko juu ya kabati. Taa bado zinawaka vizuri. Mwenye risasi zake, milimita 14 au 15 hivi, hata kumi tu, anitafute, nanunua.