Chumba cha ufundi cha maktaba ya umma, Lubumbashi: mashine ipi inafaa kazi ipi

Ukiingia katika chumba cha ufundi cha maktaba ya umma hapa Lubumbashi utakuta watu wameizunguka printa ya 3D, na plota ya kukata stika imekaa pembeni bila mtu. Kwa maoni yangu, plota hiyo ndiyo yenye faida kuliko mashine zote zilizomo humo, hasa kwa mtu anayeuza kazi ya mikono. Ndiyo maana naanza nayo.

Plota inakata vinaili (plastiki nyembamba ya stika na ya nguo) yenye upana wa sm 30, na inataka faili ya mistari, SVG. Picha ya JPG iliyotoka kwenye simu haikatiki mpaka ifuatishwe, yaani igeuzwe mistari. Ifuatishe ukiwa nyumbani kwa Inkscape, programu ya kuchora ambayo ni ya bure, usije ukamaliza saa yako ya mashine ukiwa bado kwenye kompyuta. Visu viko viwili: cha nyuzi 45 kwa vinaili ya kawaida, na cha nyuzi 60 kwa ile nene ya kumetameta au yenye manyoya. Kabla ya kazi yenyewe kata mraba wa sm 1 wenye pembetatu ndani. Ukitoka safi, na karatasi ya chini imebaki na alama hafifu tu, endelea. Pembe zikitoka za mviringo, au mstari ukikataa kufunga pale ulipoanzia, usiongeze nguvu ya kisu. Hapo ndipo wengi wanapochana mkeka wa mashine. Kasoro iko kwenye kipimo cha mkao wa ncha ya kisu ndani ya programu. Kwa visu vingi vya kawaida ni mm 0.25.

Kwa tisheti, maandishi lazima yageuzwe kama kwenye kioo, na wakati wa kukata upande wa plastiki inayong'aa ulale chini. Presi ya joto, ile inayobana vinaili kwenye nguo, iwe nyuzi 150 hadi 160 kwa pamba, sekunde 10 hadi 15. Kabla ya hapo bana tisheti tupu kwa sekunde 5, unyevu utoke, maana huo ndio unaofanya herufi zibanduke kwenye kona. Vinaili nyingine hubanduliwa plastiki yake ikiwa moto, nyingine ikiwa imepoa. Maelezo yako kwenye roli, yasome. Jezi za poliesta zina hatari yake: rangi ya kitambaa hugeuka mvuke kwa joto kali na kupanda ndani ya vinaili, na namba nyeupe juu ya jezi nyekundu inakuwa ya waridi baada ya muda. Tumia vinaili ya joto la chini, isiyozidi nyuzi 130, yenye kuzuia rangi. Na mteja asifue kabla ya saa 24 kupita, kisha afue nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje.

Sasa shaba. Mafundi wa shaba wa mji huu huja na mabamba yao wakitaka yachongwe kwa leza. Leza ya chumba hiki haiwezi kazi hiyo, na si kwa sababu ni ndogo: ni leza ya CO2, na shaba tupu hurudisha karibu mwanga wake wote. Ukilazimisha, unahatarisha lenzi bure. Njia nzuri iko kwenye ile ile plota. Kata mchoro kwenye vinaili ya kubandika (si ile ya nguo), bandua sehemu unazotaka ziliwe na dawa ya kula shaba, kisha hamishia iliyobaki juu ya bamba kwa utepe wa kuhamishia. Bamba lisuguliwe kwanza kwa steel wool laini na kufutwa kwa asetoni. Alama moja ya kidole inatosha kuinua ukingo wa vinaili na dawa ikapita chini yake. Mgongo wa bamba uufunike wote kwa utepe.

Dawa ni kloridi ya chuma, ile mafundi wa redio wanayotumia kutengeneza sakiti. Chumbani hairuhusiwi, na ni haki. Hatua hii ifanyike nje, kwenye hewa, ukiwa na glavu na miwani. Tumia beseni la plastiki, kamwe si sufuria ya aluminiamu. Bamba lining'inie uso ukiangalia chini, ili tope la shaba lidondoke badala ya kuziba mistari. Kina kinachoshikika kwa ukucha kinahitaji dakika 40 hadi 60 dawa ikiwa vuguvugu. Usiku wa Juni na Julai, baridi ya hapa inaipunguza nguvu sana, hivyo weka beseni ndani ya beseni kubwa zaidi lenye maji ya moto. Mistari myembamba kuliko mm 1 iache, kwa sababu dawa hula pia kuelekea pembeni na mistari miwili iliyokaribiana inaungana. Ukimaliza suuza kwa maji yenye magadi. Dawa iliyochoka usiimwage mtaroni: ina shaba iliyoyeyuka, nayo ni sumu kwa maji. Izimue kwa magadi, iache itulie, tope likauke na kufungwa mahali pake. Kwa wale wanaogonga shaba kwa nyundo bila dawa, vinaili hiyo hiyo ni kielelezo kizuri: mchoro unabaki mahali pake wakati unapigwa mistari ya kwanza, tofauti na karatasi inayoteleza.

Leza nayo ina kazi zake. Tripleksi (mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi) ya mm 3 inaikata vizuri, pleksi (plastiki ngumu kama kioo) pia. Tripleksi ya sokoni ina gundi isiyo sawa katikati, kwa hiyo vipande vingine havikatiki hata mwendo ukipunguzwa. Jaribu kona ya kila ubao kabla ya kulipia ubao mzima. Bandika utepe wa karatasi juu ili moshi usiache doa la kahawia. Njia ya mwanga inakula kati ya mm 0.1 na 0.2, kwa hiyo kisanduku cha kuunganisha meno kinachorwa kwa kuhesabu upana huo, la sivyo kinalegea. Plastiki ya PVC ni marufuku kabisa: ikichomwa hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu na kuozesha reli za mashine. Vinaili ya stika ni PVC, na ngozi nyingi za bandia pia. Msimamizi akikataa kitambaa chako usichojua kimetengenezwa na nini, yuko sahihi. Mwezi wa Oktoba, joto likipanda kabla ya mvua, angalia kipimajoto cha maji ya kupozea. Yakipita nyuzi 25 hivi, bomba la leza linapoteza nguvu na kuzeeka haraka, bora kusubiri.

Printa ya 3D ni nzuri kwa vipuri vidogo: kishikio, gia, kifuniko cha betri. Inatumia waya wa plastiki wa mm 1.75 na mdomo wa mm 0.4. PLA, plastiki ya kawaida ya printa, huchapwa kwa nyuzi 200 hadi 210, meza nyuzi 60. Mita moja ya waya huo ina uzito wa gramu 3 hivi, na ni vizuri kujua kwa sababu unalipia kwa gramu. PLA inalegea ikifika nyuzi 60 hivi, kwa hiyo kishikio cha simu kilichoachwa ndani ya gari juani kinapinda. Kwa gari na kwa juani omba PETG, plastiki inayostahimili joto zaidi, nyuzi 230 hadi 245, meza 70 hadi 80. Ukitaka kipuri imara ongeza kuta ziwe 4 kabla ya kuongeza ujazo wa ndani. Matundu hutoka madogo kidogo: kwa ekseli ya mm 8, chora 8.3.

Kuanzia Novemba mpaka Machi waya hunywa unyevu. Utasikia mdomo ukitoa milio midogo ya kupasuka, na kazi inatoka na nyuzi nyuzi za buibui. Kukausha PLA ni saa 6 kwa nyuzi 45 hadi 50, na kikaushio kipo kabatini ila lazima ukiombe. Umeme ukikatika, printa inakumbuka ilipofika, lakini meza inapoa na kipuri kinajibandua chenyewe. Umeme ukirudi, mashine inachapa hewani. Hata kisipojibandua, kinabaki na mstari dhaifu pale kiliposimama. Betri ya chumba inaweza kuibeba printa kwa muda na plota bila shida. Presi ya joto, inayokula wati 1,400 na zaidi, haiwezi. Basi kata vinaili wakati wa delestaji (umeme ukikatwa kwa zamu), na ubanie nguo umeme wa mtaa ukiwepo.

Lawama yangu kubwa ni ratiba. Zamu ni ya saa 2, na kipuri cha urefu wa sm 5 chenye kuta nne mara nyingi kinapita saa 3. Naomba printa iwe na zamu yake ya nusu siku, plota ibaki na saa 2. Ombi la pili: maelekezo ya ukutani ni ya Kifaransa peke yake, na mafundi cherehani wengi wanaokuja kutoka Katuba na Kenya, komuni za mji huu, wangeyafuata vizuri zaidi kwa Kiswahili.

Cherehani ni za kawaida na zinatunzwa. Sindano 90 kwa kitenge, 100 kwa jinzi. Ovaloki ikikata uzi wa chini kila mara, kosa karibu daima ni mpangilio: toa nyuzi za sindano kwanza, pitisha uzi wa ndoana ya juu, halafu wa chini, sindano ziwe za mwisho.

Skana imesahaulika, na ni huduma bora kwa familia zenye picha za zamani. Picha ndogo iskaniwe kwa dpi 600, hati kwa 300, na uhifadhi TIFF kabla ya kutoa JPG ya kutuma. Futa kioo kwa kitambaa kikavu, maana vumbi la kiangazi linaonekana kama nukta nyeupe juu ya kila picha. Njoo na flashi yako, kwa sababu kompyuta za chumba hufutwa kila jioni.