Uzoefu wangu na Baldur's Gate 3: nani ajitoe mhanga, na historia inasemaje

Tahadhari kabla ya yote: humu nimeanika miisho ya Baldur's Gate 3 bila kuficha kitu. Ambaye hajaimaliza aishie hapa.

Mapigano, sauti za waigizaji na uhuru wa kuchagua vimeshasifiwa vya kutosha, sina la kuongeza. Ninachopima ni jambo linalowagawa mashabiki tangu gemu ilipotoka kwenye kompyuta tarehe 3 Agosti 2023: wahusika wanaojitoa mhanga, na kama vifo vyao vinaendana na historia ya Forgotten Realms, ulimwengu wa Dungeons & Dragons ambamo hadithi hii inatokea. Kwa asiyeijua: unaongoza kikosi cha watu walioingizwa kichwani viluwiluwi vya mailithidi, viumbe wanaotawala akili za wengine na kula ubongo, na adui mkuu ni ubongo wao mkuu, unaoabudiwa kwa jina la Absolute. Kwa kujitoa mhanga naipa 9 kwa 10. Kwa mwendelezo wa historia naipa 6, na karibu alama zote zilizopotea zimepotelea kwa wahusika wawili wa zamani ambao nitawafikia. Watu huyajadili mambo haya mawili kama hoja mbili tofauti. Kwangu ni hoja moja, maana historia ikifutwa, aliyejitoa alijitoa bure.

Gale, mchawi wa kikosi, ndiye aliyejengwa vizuri kuliko wote. Kifuani amebeba uchawi wa Netheril, dola ya kale ya wachawi, ambao ukishikwa na njaa hulipuka. Katika sehemu ya 1 atakuomba vifaa vya uchawi avinyonye, na jumla yake ni vitatu. Mpe pete na mikufu usiyoitumia, usimpe silaha ya maana, kwa sababu anachohitaji ni uchawi wowote na si uchawi mkubwa. Baadaye mchawi mzee Elminster hutokea njiani kuelekea nchi ya giza, huituliza njaa hiyo, na kufikisha agizo la Mystra, mungu wa uchawi: nenda mpaka kwenye moyo wa Absolute, ukajilipue hapo.

Kuna mashabiki wanaosema agizo hilo haliwezi kutoka kwa Mystra, kwamba waandishi wamemfanya mkatili ili kuipa hadithi chachu. Wakirudi nyuma kwenye historia wataona ni kinyume. Mwaka -339 wa kalenda ya Dale, mchawi Karsus wa Netheril alijaribu kuunyakua uungu wa Mystryl, mungu wa uchawi aliyemtangulia Mystra, na Mystryl akajiua ili kuiokoa Weave, ule mtandao unaobeba uchawi wote duniani. Mystra aliyemfuata aliuawa na mungu Helm mwaka 1358, na nafasi yake ikachukuliwa na mwanamke wa kawaida aliyeitwa Midnight. Mwaka 1385 naye akauawa na mungu Cyric akisaidiwa na mungu wa kike Shar, na uchawi ukavurugika kwa miaka mingi. Sasa, taji linaloutawala ubongo mkuu katika gemu hii ni taji la Karsus yuleyule. Mystra anamtaka Gale alipe gharama ambayo kiti chake mwenyewe kimeshailipa kwa sababu ya mtu yuleyule. Simtetei. Kumtuma mpenzi wako wa zamani akafe ni ukatili, na gemu inakupa nafasi ya kumwambia Gale hivyo waziwazi. Lakini ukatili huo una mizizi, na ndiyo maana tukio lile linauma.

Gale akiwa kwenye kikosi, nafasi ya kujilipua huja mara mbili. Ya kwanza ni mwishoni mwa sehemu ya 2, chini ya Moonrise Towers, pale ubongo unapoonekana. Ukimruhusu, kikosi kizima kinakufa naye na gemu inaishia hapo. Hifadhi mchezo kabla ya kushuka, kwenye faili la peke yake, maana wengi hubofya kauli ile wakidhani ni mazungumzo tu. Ya pili ni mwisho kabisa, mkishapanda juu ya ubongo: anawaomba wengine waondoke, anabaki peke yake, na pambano la mwisho linarukwa. Hapa pana kasoro ya mpangilio. Uamuzi wa nani ageuke ilithidi unafanyika kabla, ndani ya Astral Prism, kifaa cha uchawi kinachokilinda kikosi. Mtu anaweza kuwa ameshautoa mwili wake, kisha Gale akajilipua na kuifanya sadaka ile ya kwanza ionekane haikuwa na haja. Ukitaka hadithi isimame vizuri, chagua moja: ama Gale, ama ilithidi awe ndiye anayemaliza kazi. Ukiwaweka wote wawili, mmoja anampunguzia mwenzake uzito.

Swali linalorudiwa kuliko yote ni hili: kwa nini Gale asifufuliwe, ilhali kambini mfu wa ajabu aitwaye Withers anafufua mtu yeyote kwa sarafu 200 za dhahabu? Jibu liko kwenye kanuni za toleo la 5 la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao gemu hii imejengwa juu yake. Revivify ni uchawi wa daraja la 3. Mezani unafanya kazi ndani ya dakika moja tu baada ya kifo, na unakula almasi za thamani ya dhahabu 300. Raise Dead, daraja la 5, unafika siku 10 lakini haurudishi viungo vya lazima vilivyopotea. Resurrection, daraja la 7, unafika karne moja. Mwili ukiwa haupo kabisa unabaki True Resurrection, daraja la 9, na almasi za dhahabu 25,000. Gemu inaishia levo ya 12, na kuhani wa levo hiyo hafiki zaidi ya daraja la 6. Kwa hiyo kwa aliyelipuka mpaka hakubaki hata mfupa, hakuna mtu kikosini mwenye uwezo wa kumrudisha. Kikomo cha levo, ambacho wachezaji wengi hukilalamikia, ndicho kinachoulinda mwisho wa Gale. Tatizo ni kwamba gemu yenyewe imeilegeza Revivify: haidai almasi wala haijali dakika, na hati zake zinanunuliwa kwa wafanyabiashara. Mchezaji akishazoea hivyo kwa saa nyingi, lazima atashangaa kifo kimoja kinapokataa ghafla.

Orpheus, mkuu wa githyanki, kabila lililojikomboa kutoka utumwa wa mailithidi likiongozwa na Gith, ni mjadala mwingine. Wapo wasiomkubali kwa kuwa mwana wa Gith hakuwa sehemu ya simulizi walizozizoea za githyanki. Mimi sioni kosa. Kumwongeza mtu aliyefungwa na kufichwa na malkia wao Vlaakith ni kujaza pengo, na hakumfuti mtu yeyote. Njia ya kumfungua ni nyundo yake, Orphic Hammer, iliyo House of Hope kwa shetani Raphael. Unaweza kutia sahihi mkataba wa Raphael huko Sharess' Caress na kumwahidi lile taji, au ukaingia kwa siri kwa kumtumia Helsik wa duka la Devil's Fee na kuiiba. Nashauri kuiiba. Pambano na Raphael ni gumu kweli, lakini mkataba unakuachia deni linaloitia doa ile sadaka ya mwisho: umeuokoa mji, kisha silaha ileile unamkabidhi shetani.

Ukiamua kumfungua Orpheus, Emperor, ilithidi aliyekuwa akikulinda, anakukimbia na kujiunga na ubongo. Hapo ndipo mtu mmoja lazima ageuke ilithidi, na Orpheus anajitolea mwenyewe. Mkuu wa watu ambao historia yao yote ni kuikataa minyororo ya mailithidi anakubali kuwa ilithidi ili watu hao wabaki huru, na vita vikiisha anaomba auawe. Sijaona katika gemu nyingine sadaka inayoeleweka vizuri hivi kwa kuijua tu historia ya kabila la mhusika. Anayeingia bila kujua habari za githyanki ataona mtu anabadilika sura, basi.

Kwa Karlach, mpiganaji wa kikosi, ndiko mashabiki wanakovutana zaidi. Moyo wake ni injini ya Jehanamu, na nje ya Avernus, tabaka la kwanza la Jehanamu, utamuua. Mfua chuma Dammon anaweza kuutuliza mara mbili ukimletea chuma cha kuzimu: mara ya kwanza Emerald Grove katika sehemu ya 1, mara ya pili Last Light Inn katika sehemu ya 2. Fanya hiyo ya pili kabla hujapanda kuzungumza na kuhani Isobel. Mazungumzo yale yanaleta shambulio, Isobel akitekwa kinga ya nyumba inazimika, na Dammon anapotea pamoja na wengine. Mwishowe Dammon atakwambia ukweli: dawa haipo, ila kurudi Avernus.

Inabaki ateketee gatini mbele yako, au arudi Avernus wewe au mwenzenu Wyll mkikubali kwenda naye, au yeye ndiye ageuke ilithidi, endapo yuko kwenye kikosi cha wanne wakati wa uamuzi. Mwisho wa Avernus ulipanuliwa kwa sasisho la 2, Agosti 2023, na kambi ya kukutana tena miezi sita baadaye ikaongezwa kwa sasisho la 5, Novemba 2023. Anayecheza nakala ambayo haijasasishwa anaona hadithi iliyokatika, kwa hiyo sasisha kwanza.

Je, Karlach aliyegeuka ilithidi bado ni Karlach? Kwa historia ya zamani jibu ni hapana: kiluwiluwi hula ubongo wa mwenyeji, mwili hubadilika kwa takriban wiki moja, na mtu wa awali amekufa. Gemu inajitetea kwamba viluwiluwi hivi vimebadilishwa na uchawi wa Netheril, ndiyo sababu mageuzi yanatokea papo hapo na kumbukumbu zinabaki. Utetezi huo unatosha kuhusu kumbukumbu. Kuhusu roho hautoshi, maana Withers mwenyewe anasema mailithidi hawana roho ya aina inayokwenda kwa miungu. Ukiuchukua usemi wake kwa uzito, Karlach wa namna hiyo ametoa zaidi ya uhai wake, na kicheko chake kambini hakibadilishi hilo. Msimamo wangu: mwisho huu ndio mzito kuliko miisho yake yote, na wanaouita mwisho mwema hawajamsikiliza Withers.

Kuhusu Dark Urge, mhusika unayeweza kumchagua ambaye ni mtoto wa Bhaal, mungu wa mauaji, sina ugomvi. Ukimshinda Orin, mteule wa Bhaal, ana kwa ana kisha ukamkataa Bhaal, Bhaal anakuua palepale, na Withers anakuinua. Wengi wanaita udanganyifu. Lakini dalili zote za gemu zinaonyesha Withers ni Jergal, mungu wa zamani wa wafu, yule aliyewaachia mamlaka yake Bane, Bhaal na Myrkul. Mwenye daftari la wafu kurekebisha uovu wa aliyemrithi, historia inamruhusu.

Sasa penye maumivu. Katika Throne of Bhaal ya mwaka 2001, nyongeza ya Baldur's Gate II, Sarevok, adui mkuu wa gemu ya kwanza, anafufuka kwa sababu wewe, au mwenzako Imoen, mnakubali kumkatia kipande cha roho yenu, na ukimwongoza vizuri anaweza kuwa mtu mwema. Mwenzako mwingine wa zamani, Viconia, vilevile: katika mapenzi yake na mhusika wako anaweza kuuacha uovu. Katika Baldur's Gate 3, mwaka 1492, Sarevok ni hakimu wa wauaji chini ya Bhaal, na Viconia anaongoza House of Grief kwa niaba ya Shar kama mtu ambaye hajawahi kusogea hata hatua. Utetezi wa kawaida ni kwamba historia rasmi ilimchagua Abdel Adrian kuwa shujaa wa gemu za zamani, na kifo chake mwaka 1482 ndicho kilichomrudisha Bhaal, kwa hiyo maamuzi ya mchezaji hayakuwa rasmi tangu mwanzo. Ni kweli. Lakini kipande kile cha roho kingeweza kutajwa kwa sentensi mbili tu, hata kama kovu lililokataliwa. Kukaa kimya ndiko kulikokosewa. Na inauma zaidi kwa kuwa kwingine waandishi wameonyesha wanaweza: Balduran, mwasisi wa mji, alipotelea baharini bila mwisho unaojulikana, nao wakaujaza mwanya huo kwa Emperor, ambaye ndiye Balduran aliyegeuzwa ilithidi, na joka Ansur bila kuvunja chochote. Minsc, mwenzako wa gemu za zamani, binadamu ambaye asingefika miaka hiyo, wamemfikisha kupitia jiwe alilogeuzwa. Jaheira, mwingine wa zamani, ni nusu binadamu na nusu elf, watu waishio muda mrefu, hivyo umri wake unaruhusu.

Kwa aliyecheza gemu za zamani, njia ya kupunguza pengo hilo ni kumweka Jaheira kikosini kabla ya kuingia House of Grief na kabla ya kumkabili Sarevok. Ana maneno yake kwao, na hapo miaka ile inakumbukwa na mtu aliyekuwapo. Mchukue pia unapomtafuta Minsc, la sivyo hutaweza kumpata kikosini. Na kama unataka sadaka hizi zikubane kweli, cheza Honour Mode: faili ni moja tu, na uamuzi wa Astral Prism ukishaufanya haurudi nyuma.