Taima ya "nyuklia" na ulimi wa muuzaji

Naanza na nyota moja kwa hii taima, kidude kinachochelewesha mota kuwaka. Huenda nikaongeza huko mbele, huenda nikaiondoa hata hiyo.

Taima kuharibika peke yake kusingenitoa kitandani kuandika. Vitu huharibika. Nusu ya umri wangu nimeimaliza chini ya sitaha, fundi stima katika meli za watu, na nusu iliyobaki niko hapa hapa Mombasa nafungua na kufunga vitu vilivyoharibika. Kilichonikera ni kijana wa dukani, ndevu hazijamtoka sawasawa, aliyenitazama juu mpaka chini nikiwa na ile taima mkononi, akasema: "Mzee, hiyo ni ya daraja la nyuklia. Haiharibiki hiyo. Wewe ndiye umeiunga vibaya." Mbele za wateja. Salamu yangu hakuitikia, pole hakunipa, akarudisha waya wa simu sikioni.

Duka silitaji. Liko mjini, na mjini maduka ya stima ni mengi, mengine ya watu wema, kwa hivyo msianze kunyoosheana vidole.

Mimi na shemeji yangu tuna chumba cha baridi cha samaki. Si kikubwa: kompresa 2, pampu ya maji, feni, na jenereta kuukuu inayojiwasha yenyewe stima ikipotea. Wakati wa kaskazi bahari inatulia, wavuvi wanaleta nguru na jodari kwa fujo, na joto la Mombasa la miezi ile halina simile. Ukiacha mlango wazi ukaenda kupokea simu, ukirudi sakafu imeshalowa.

Jenereta yetu haiwezi kubeba vyote kwa mpigo. Mota inapoanza kuzunguka hula stima mara 5, mara 6, hata 7 ya ile inayokula ikishashika kasi. Na kompresa ina ukaidi wake zaidi: ikizimika ghafla hubaki na presha kichwani, na ukiiwasha papo hapo haizunguki ng'o, inanguruma tu kama fahali aliyefungwa, huku waya zikipata moto. Ndiyo maana tukaweka taima. Jenereta ikiingia, pampu na feni zinatangulia, kompresa ya kwanza inangoja dakika 3, ya pili dakika 4. Kidude cha kuenea kiganjani, kazi yake kuhesabu na kunyamaza.

Taima ya kompresa ya pili ilikuwa ya hewa, zile za zamani zenye kiwambo cha mpira ndani: hewa inapenya tundu dogo polepole, ikishamaliza kupita pointi, vile vichuma vya kupitisha stima, zinashikana. Niliitoa kwenye paneli ya meli iliyokuwa ikivunjwa, ikanitumikia miaka mpaka kiwambo kikachanika. Nikaenda dukani kutafuta mpya.

Siku hiyo ya kununua kijana alikuwa asali. "Mzee wangu, chukua hii. Hizi ndizo wanazofunga kwenye mitambo ya nyuklia Ulaya. Hata ile ya Uyombo wangeijenga, wangekuja kuzichukua hapa kwetu." Tukacheka sote. Uyombo ni hapo Kilifi, ambako serikali ilipanga kujenga mtambo wa nyuklia, na watu wakaandamana mwaka 2024 hawataki kusikia habari yake karibu na hori ya Mida na msitu wa Arabuko, na sasa mpango wenyewe umehamia Siaya. Kwenye boksi kweli palikuwa na karatasi ya fedha inayong'aa, imeandikwa hivyo hivyo, nyuklia. Bei yake karibu mara mbili ya zile za rafu ya chini. Nikatoa pesa. Neno lile ndilo lililonilegeza, nakiri, na mtu wa umri wangu alipaswa kucheka tu na kuchukua ya rafu ya chini.

Ilifanya kazi, nisiseme uongo. Miezi kadhaa, sikuhesabu. Mara moja moja nilikuwa naipima kwa saa ya simu. Usiku niliiweka dakika 4 ikanipa 4 na sekunde kidogo, nikaridhika. Mchana mmoja wa jua kali ikanipa 3 na nusu. Nikajiambia ni joto, paneli iko karibu na bati. Hapo ndipo ningeshtuka, sikushtuka.

Usiku wenyewe sikumbuki tarehe. Ilikuwa siku za kungojea mwezi wa Ramadhani, maana shemeji alikuwa amekwenda kutafuta tende. Stima ikapotea, jenereta ikawaka, na kompresa ya pili ikaingia hapo hapo, haikungoja hata sekunde. Pointi za taima zilikuwa zimegandana tangu mara ya mwisho kufanya kazi. Kwake yeye dakika 4 zilikuwa zimeshapita siku nyingi. Mlinzi anasema jenereta ilinguruma mara mbili, taa zikawa nyekundu, kisha kimya. Alinipigia, simu yangu haina chaji. Asubuhi ukimbonyeza nguru, kidole kinaacha shimo. Wengine tuliwahi kuwagawa kwa majirani, wengine tukawafukia, na jodari mmoja wa kilo 30 na kitu, ambaye alikwisha kuwa na mnunuzi, sitaki hata kumzungumzia.

Ndiyo nikaenda dukani, ndiyo nikaambiwa haiharibiki.

Sasa mwanangu, kama unasoma, toa huo waya sikioni tuzungumze hiyo nyuklia yako. Mtambo wa nyuklia ukizimwa hauzimiki kama jiko la gesi. Dakika ile ile ya kuzimwa, kuni zake, yaani ile fueli ya ndani, bado zinatoa joto kama asilimia 6 au 7 ya nguvu iliyokuwapo. Mtambo wa megawati 3,000 za joto unabaki na megawati zipatazo 200 ambazo lazima zipozwe kwa maji, usipende. Stima ya nje ikikatika, jenereta za dizeli zinatakiwa zishike kazi upesi, vituo vingi kama sekunde 10, kisha pampu zinaingizwa moja baada ya moja kwa kupishana sekunde chache. Ni shida ile ile ya chumba changu cha samaki. Mimi nahesabu kwa dakika, wao kwa sekunde, na anayehesabu ni taima. Pampu 2 zikiingia pamoja kwa sababu pointi za mojawapo zimegandana, jenereta inapiga magoti kama yangu. Wanaoharibikiwa hapo si jodari.

Fukushima, Machi 11, 2011, tetemeko lilipokata stima ya nje jenereta ziliwaka. Karibu zote zilizimwa na bahari, tsunami ilipofika karibu saa nzima baadaye na kumwaga maji. Nakumbuka tulikuwa tukiizungumza kila jioni pale kahawani, mabaharia wastaafu sote, na kila mmoja alikuwa na lake la kusema kuhusu mahali pa kuweka jenereta.

Na hizo taima zao haziuzwi kwa karatasi ya fedha. Sampuli zinachomwa kwenye tanuri mpaka zizeeke kabla ya wakati, zinapigwa mionzi, halafu zinafungwa juu ya meza inayotikisika kama tetemeko, na zikiwa zinatikisika hivyo zinatakiwa zihesabu sawasawa na pointi zisirukeruke. Zile taima za Agastat, aina ya E7000, za hewa, jamaa ya ile yangu ya meli, zina umri uliopimwa: miaka 10 tangu kutengenezwa au kazi mara 25,000, lolote litakalotangulia, kisha zinatolewa hata kama bado nzima. Katikati ya umri huo zinapimwa na kupimwa tena. Ile nusu dakika niliyoipuuza mimi mchana ule, kule ingeandikiwa ripoti. Na kila moja ina makaratasi yanayosema imetoka wapi, imepimwa na nani, nani ametia saini. Korea Kusini mwaka 2012 walizima mitambo 2 pale Yeonggwang baada ya kugundua vyeti vya vipuri vimeghushiwa. Vipuri vyenyewe vilikuwa vidogo vidogo, fyuzi na swichi, vitu vya kujaa kwenye droo ya kaunta yako.

Niliporudi nyumbani nikaifungua taima kwa kisu cha kuparia samaki. Na hapa nyota yangu ikaanza kutikisika, kwa sababu nilichokiona kinanihusu na mimi.

Pointi zimeyeyuka zikawa donge moja. Ubavuni imeandikwa ampia 5. Lakini ampia 5 hizo ni za kuwashia kitu kama hita, kisicho na hila. Koili ya kontakta, ile swichi kubwa ya sumaku inayowasha kompresa, ni kitu kingine: unapoikata inarudisha cheche, na kila cheche inamega pointi kidogo, siku baada ya siku. Kontakta yangu ni lile dubwana la zamani, koili yake kubwa. Ilitaka rilei, swichi ndogo ya sumaku, ikae katikati, taima iamuru rilei, rilei iamuru kontakta. Nilijua. Vijana wangapi nimewafundisha jambo hilo hilo mimi mwenyewe? Siku ile maghrib ilikuwa imekaribia, duka lafungwa, nikasema nitaiweka kesho. Kesho ikawa miezi.

Kwa hivyo kijana alisema kweli? Tuseme robo. Angeuliza tu, "Baba, uliiunga na nini?" ningemwambia, tungekaa tukaelewana, na ningeona haya mbele yake badala ya kuona haya mbele ya wateja. Nyota 2 basi. Moja ya taima kwa miezi iliyofanya kazi, moja ya robo.

Siku chache baadaye nikarudi, si kwa ugomvi, kununua ile rilei ya katikati. Nikamkuta mwenye duka, baba yake kijana, mtu wa makamo yangu. Tukaamkiana vizuri, tukaulizana ya nyumbani, tukagundua tulisoma chuo kimoja cha Kurani tukiwa watoto, yeye madarasa mawili nyuma yangu. Akaagiza kahawa na kashata. Nikamweleza yote, pamoja na kosa langu, sikuficha. Akasikitika sana, hasa kwa jodari. Akaita: "Njoo umwombe radhi mzee wako." Kijana akaja, akasema, "Samahani mzee," waya bado sikioni. Baba mtu akanipa taima nyingine ya bure, aina ile ile, na rilei juu yake, pesa akakataa kabisa. Nikatoka pale nimekwisha kuamua ni nyota 3, na nikawa njiani natunga maneno ya kumsifu.

Jana ndiyo nimeifungua hiyo ya bure niifunge. Joto la jikoni au jasho la mikono yangu, sijui, ile karatasi ya fedha ikaanza kubanduka pembeni. Nikaivuta kwa ukucha. Ikatoka yote. Chini yake kuna karatasi nyingine, nyeupe, ya kiwandani, jina tofauti, na ubavuni pale palipobandikwa ampia 5, chini yake pameandikwa ampia 3. Nikaiendea ile mbovu kwenye droo. Nikaibandua. Hivyo hivyo, 3.

Sijui ni nani aliyebandika, wao au aliyewauzia. Baba mtu namwona si mtu wa hivyo, lakini nilimwona kwa muda wa kikombe kimoja tu. Na hata kwa ampia 3 kosa langu la rilei liko pale pale, silikimbii. Ila mimi nilikosea nikiamini 5, na nililipa kwa 5, na nilitukanwa kwa 5.

Nimerudi kwa ile taima ya hewa. Nimepata kiwambo kwenye maiti ya taima nyingine kwa rafiki yangu wa Shimanzi, nimekitia, na rilei ya katikati nimeiweka safari hii, kabla ya maghrib. Nimeipima mara nne mchana na mara nne usiku: dakika 3 na sekunde 50, haitoki hapo. Sekunde 10 nitazitafuta kwenye skrubu Jumamosi.

Kesho nakwenda dukani na zile karatasi 2 za fedha kwenye bahasha. Nitamkabidhi baba mkononi, si mtoto. Nyota ni moja, ya kahawa.