Mkanda wa mgongo wenye vyuma: kifaa cha kazi, si dawa

Mkanda mweusi mpana, wenye lastiki pembeni na vyuma bapa vinne mgongoni, siku hizi haukosekani famasi za Dar es Salaam wala Nairobi. Boksi linaahidi kunyoosha uti wa mgongo. Haunyooshi kitu. Unabana tumbo, unamkumbusha mvaaji asijikunje ovyo, basi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini haushauri mikanda hii kuwa sehemu ya matibabu ya kawaida.

Wengi hukosea saizi. Pima kwa futi ya fundi cherehani usawa wa kitovu. Namba ya suruali itakudanganya, kwani suruali hukaa chini zaidi. Vaa juu ya fulana ukiwa umesimama. Toa pumzi, funga mbele, kisha vuta lastiki za pembeni zote mbili kwa pamoja. Kiganja kipite kati ya mkanda na tumbo, ila kwa shida. Kaa kitini: vyuma vikichoma mbavu au ukingo ukikata mapaja, chukua mwembamba zaidi.

Velkro, ule utepe wa kunata wa kufungia, ndiyo hufa kwanza. Usipoifunga kabla ya kufua, hubeba nyuzi za kanga na kuacha kunata. Chomoa vyuma, fua kwa mkono. Kwenye joto la pwani, ukivaliwa kutwa, vipele hutokea kirahisi.

Uvae wakati wa kazi nzito tu, saa moja au mbili, kisha uvue. Usilale nao. Na ndoo ya lita 20 inabaki kilo 20, mkanda au bila mkanda: chuchumaa, ndoo iwe katikati ya miguu, inuka nayo ikiwa karibu na mwili, geuka kwa nyayo, si kwa kiuno. Nusu ndoo mara mbili ni bora kuliko yote haya.

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, mlipe mfiziotherapia, mtaalamu wa tiba ya mazoezi. Zoezi atakaloanza nalo huenda likawa hili: lala kifudifudi mkekani, sukuma kifua juu kwa mikono, nyonga zibaki chini, mara 10. Maumivu yakitoka mguuni kurudi kiunoni, endelea. Yakishuka mguuni, acha.

Ganzi sehemu za siri, mkojo usiozuilika au mguu kulegea: hospitali siku hiyo hiyo, mkanda uache nyumbani.