Michezo minne ya mke na mume, nimeitazama kwa macho ya somo

Mimi ni somo, kazi yangu ni kufunda. Huu mwaka wa 22 nawaingiza mabinti ndani, nawafunga kanga, nawaambia yale ambayo mama zao wanaona haya kuyatamka. Kwa hiyo Zuhura aliponiletea tiketi mbili na kusema, "Mama, Jumamosi kuna michezo mifupi ya jukwaani, yote ya mapenzi na ndoa, nenda na baba," nilicheka. Nikamuuliza, hao wanaoigiza wameolewa? Akasema hajui. Nikasema haya, twende tukafundwe na watoto.

Ukumbi uko Upanga, hapa Dar es Salaam. Jina silitaji, maana mengine nitakayoyasema si ya sifa. Tiketi ni 15,000 kwa kichwa. Iliandikwa saa moja kamili usiku, pazia likafunguliwa saa mbili kasoro kumi, wala hakuna aliyetoka kutuomba radhi. Viti ni vile vyeupe vya plastiki vya kukodi kwenye misiba. Feni zipo mbili, moja inazunguka, nyingine inalalamika. Choo ni kimoja na maji yako kwenye ndoo nje, ukitaka unachota mwenyewe. Lakini vijana wa mlangoni wana adabu, wacha niwape haki yao. "Shikamoo mama, shikamoo baba, njooni mbele huku msikie vizuri." Wakatuweka safu ya tatu. Ukienda, dai safu hiyo hiyo, kwa sababu nyuma hakusikiki kitu, feni inameza maneno.

Mume wangu, Baba Zuhura, ni fundi seremala, na ni mtu wa maneno machache. Nimekaa naye miaka 31 na nadhani yote aliyoniambia yangeenea kwenye daftari moja la kurasa 96. Mkumbukeni huyo, nitamrudia.

Wa kwanza ulikuwa Dubu, mchezo wa Anton Chekhov, yule daktari wa Urusi, aliouandika mwaka 1888. Mjane kijana, Popova, kajifungia ndani. Mumewe ana miezi 7 kaburini, na yeye kaapa hatoki humo mpaka naye azikwe. Nikahesabu vidole. Sisi eda ya kufiwa ni miezi 4 na siku 10, ukimaliza unaogeshwa, unavua nguo za eda, unarudi kwa watu. Huyu kajiongezea mwenyewe. Na anamlilia nani? Mwanamume ambaye alipokufa zilikutwa barua za wanawake tele ndani ya mtoto wa meza. Hapo nikamwelewa. Yule dada hakuwa anaomboleza, alikuwa anamkomoa maiti. Nimewaona wa namna hiyo, na ndio wagumu kuliko wote kuwatoa eda. Sehemu hii mwigizaji aliicheza vizuri sana: amejitanda kaniki, macho chini, lakini kila akipita mbele ya kioo shingo inageuka yenyewe.

Kuna farasi pia, Toby, kipenzi cha marehemu. Hatumwoni jukwaani, tunamsikia tu akitajwa. Mwanzoni mjane anaagiza kwamba leo Toby aongezewe shayiri. Liwekeni hilo akilini.

Basi anaingia mwenye mashamba wa jirani, Smirnov, anadai rubo 1,200, deni la shayiri aliyomuuzia marehemu. Kesho naye benki inamsubiri kwa riba. Mjane anasema msimamizi wangu atarudi kesho kutwa, leo sina hela na sina moyo wa kuzungumza hela. Ukumbi mzima uliangua kicheko, maana nani humu mjini hajawahi kusimama mlangoni kwa mtu, au kusimamiwa, kwa mkopo wa kausha damu? Kijana aliyecheza Smirnov alikuwa na ile sura kabisa, shati limetoka nje ya suruali, jasho, sauti imekauka. Anatukana wanawake wote wa dunia, halafu anatoa hesabu zake: amepigana kwa bastola mara 3 kwa ajili ya wanawake, amewaacha 12, na 9 wamemwacha yeye. Mwanamume anayeweka hesabu namna hiyo, huwa nawaambia mabinti zangu, huyo anauma kwa kuwa ameumwa.

Kwa hasira anavunja kiti. Baba Zuhura akainama sikioni kwangu: "Mguu ulishapigwa msumeno kabla." Hilo ndilo neno lake la kwanza tangu tutoke nyumbani.

Ugomvi unapanda mpaka wanakubaliana kupigana kwa bastola, mwanamke na mwanamume. Mjane anazileta bastola za marehemu, ila anasema mimi sijui kushika kitu hiki, nifundishe kwanza. Kijana akasimama nyuma yake, akamnyanyua mkono, akaanza kueleza hivi na hivi. Maelezo yakaisha, vidole vikabaki palepale kwenye kifundo cha mkono. Wote wawili wakanyamaza kama sekunde tano hivi. Wanawake ukumbini tukasema "eeeh!" kwa pamoja bila kupangana. Ingekuwa kicheni pati ningewaambia wasimame hapo hapo nitoe somo, na somo lingetosha. Mtumishi mzee anakuja mbio na shoka kumwokoa bibi yake, anawakuta midomo imeshakutana. Na neno la mwisho la mjane, macho chini, ni kwamba wakaambiwe zizini, Toby leo asipewe shayiri hata punje.

Wa pili ni wa Samuel Beckett, mtu wa Ireland, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1963 katika mji wa Ulm, Ujerumani. Jina lake ni Mchezo, basi. Vichwa vitatu vimetokeza kwenye mitungi mitatu: mume, mke na hawara. Hawasikilizani, hawaangaliani. Taa ikimwangukia mmoja, anasema. Ikimtoka, anakatika katikati ya neno kama redio iliyokatiwa umeme. Mitungi walitumia mapipa waliyoyavisha magunia na kuyapaka udongo, na yalipendeza. Tatizo lilikuwa taa. Mchezo huu taa ndiye mwigizaji wa nne, na kijana wa taa alikuwa anachelewa. Mke ameshaanza kunena gizani, mwanga bado unamtafuta hawara. Halafu walisema mbio mno. Najua imeandikwa isemwe haraka, lakini Kiswahili kina silabi nyingi kuliko hicho Kiingereza chao, mkituharakishia tunabaki na mvua ya "ali-ali-ali".

Mwishoni mchezo wote unarudiwa tena tangu mwanzo. Beckett mwenyewe ndivyo alivyotaka. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Hiyo tumeshaona!" Watu wakacheka, na Baba Zuhura ambaye alikuwa amesinzia akashtuka akapiga makofi. Mimi sikucheka sana. Nimekaa vikao vya ndoa vingi, wazee upande huu, mashangazi upande ule, na hakuna kikao hata kimoja ambacho kesi ilisemwa mara moja ikatosha. Mke anasema yake, mume yake, wakimaliza wanaanza tena pale pale, "Siku ile nilipokuta shati…" Yule Beckett aliketi kwenye vikao gani, sijui.

Mapumziko: kahawa chungu 1,000, kashata 500. Kashata ya nazi ilikuwa nzuri, kahawa imepoa.

Wa tatu ni wetu, Alikiona wa Ebrahim Hussein. Shuleni tulisoma Kinjeketile yake ya mwaka 1969, na wengi wetu tunadhani ndiyo pekee aliyoandika. Huu umo katika kitabu chake cha mwaka 1970 pamoja na Wakati Ukuta. Ni mke, mume na hawara, na jina limeshakuambia mwisho wake. Ameujenga juu ya kichekesho, vile vya kwenye taarab, na wenye umri wangu tunavijua kwa kusimuliwa na bibi zetu: wapiga ala wakipumzika, wanapanda watu wawili watatu, mmoja kajifunga kanga kujifanya mke, wanabuni maneno papo hapo. Kwa hiyo ulitakiwa uwe mwepesi, unaruka. Wao waliucheza kama video za simuni, mume anakodoa macho kila sentensi na kutuangalia kama anangoja tumpe pesa. Mke peke yake ndiye aliyeujua mchezo: anamdanganya mumewe huku anamkunjia shati, na shati linakunjwa vizuri. Mwongo mzuri hatikisiki mikono. Mengine nayaruka.

Wa nne ndio ulionifanya niandike yote haya. Mwenye Nguvu Zaidi, wa August Strindberg wa Uswidi. Ulichezwa Copenhagen mwaka 1889, na aliyecheza yule mke ni mke wa mwandishi mwenyewe, Siri von Essen. Miaka miwili baadaye wakapeana talaka. Ni mfupi sana, kama robo saa. Mgahawani, mkesha wa Krismasi, wanawake wawili. Mmoja anasema mwanzo hadi mwisho. Mwingine hasemi neno hata moja.

Yule msemaji ana mume na watoto, ametoka kununua zawadi. Anazitoa kwenye kikapu: mwanasesere wa binti, bunduki ya kuchezea, na sapatu za mumewe alizozidarizi mwenyewe maua ya tulipu. Anaziingiza mikononi, anazitembeza mezani kuonyesha mumewe anavyotembea akikasirika. Tulicheka. Halafu anataja kwamba yeye hayapendi hayo maua. Akanyamaza. Mbona basi anayadarizi kwenye kila kitu? Ni kwa kuwa mumewe anayapenda. Na mumewe aliyapendea wapi? Akamwangalia mwenzake. Kuanzia hapo anayafumua moja moja mbele yetu: chakula anachokula, rangi anazovaa, vitabu anavyosoma, mpaka jina la mtoto wa kiume, Eskil, ambalo ni jina la baba wa huyu aliyenyamaza. Nyumba nzima imejengwa kwa vipimo vya mwanamke mwingine.

Tulipu ndilo kosa lao. Mchezo mzima uko kwenye lile ua, na hapa kwetu nani analijua? Wangeweka asumini, ukumbi ungesikia hadi harufu.

Lakini mimi nilimtazama aliyenyamaza. Binti mwembamba, nywele fupi, soda mezani na magazeti mawili. Hakufanya makeke. Mrija aliupeleka mdomoni mara saba, nilihesabu, na soda haikupungua. Lilipotajwa jina la mtoto, kidole kilichokuwa kinafunua ukurasa kilisimama, ukurasa ukabaki umesimama wima, haukulala huku wala kule. Mara moja tu alicheka, kicheko kikavu, na mwenzake akakosa la kusema. Kushinda nani kashinda? Zuhura anasema msemaji, kwa sababu anaondoka na zawadi zake kwenda kwa mumewe, na anamshukuru mwenzie kwa kumfundishia mume kupenda. Mimi nasema aende nazo tu, ila usiku huo zile sapatu akiziona zinapita sebuleni atafanyaje?

Mwaka 1998 nami niliwahi kukaa hivyo na mwanamke mmoja kwenye benchi la zahanati. Nilisema mimi peke yangu karibu nusu saa, yeye anakunja na kukunjua kadi ya kliniki. Sijui mpaka leo alikuwa anafikiri nini. Nilipogeuka pembeni yangu Jumamosi ile, Baba Zuhura hakuwa amesinzia hata kidogo. Tiketi yake alikuwa ameikunja ikawa ndogo kama punje ya mahindi.

Ukiniuliza, uende? Nenda. Wanaonyesha tena Ijumaa na Jumamosi ijayo. Ukumbi naupa mbili juu ya tano, na hizo mbili ni za vijana wa mlangoni. Michezo naipa nne. Beba upepeo, kula kabla, na Alikiona ikianza unaweza kutoka kunawa uso. Watu wa ndoa mpya msiketi pamoja kwenye mchezo wa nne, mtaangaliana vibaya. Na kijana wa taa naomba aongezewe siku mbili za mazoezi.

Tulirudi kwa bajaji, 6,000 mpaka Magomeni. Jangwani penye foleni, Baba Zuhura akakohoa.

"Mama Zuhura."

"Abee."

"Yule farasi kosa lake nini, mpaka akanyimwa shayiri?"

Nikamwangalia. Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua.

"Fikiri," nikamwambia.

Tunashuka Magomeni, bado anafikiri.